Mnaoanza unasihi mashuleni, someni hii kabla hujamuuliza mtoto "kwa nini unajiumiza"

Wadogo zangu mnaoingia fildi mwezi huu, na nyie walimu mliopachikwa umalezi bila kuulizwa kama mnautaka (najua mko wengi), naandika hii kwa sababu kila mwaka swali linalonijia kwenye simu ni lile lile, "dada nimemkuta mwanafunzi anajiumiza nifanyeje". Jibu la haraka lipo, nitalifikia huko chini. Ila kuna jibu la taratibu ambalo mimi lilinichukua miaka kulipata na nilishaharibu kesi kadhaa kabla ya kulipata, ndo hilo nataka kuwapa leo.

Kwanza tuwekane sawa. Sitataja hapa watoto wanajidhuru kwa njia gani wala kwa kitu gani, na nyie msitaje mkiwa darasani au kwenye semina hata kama nia yenu ni kuwatahadharisha. Bwenini hili jambo linaambukiza, ukimwelezea mmoja kwa undani kuna mwingine kwenye dawati la nyuma anakusikiliza na ana shida zake. Halafu visa nitakavyosimulia nimevichanganya kwa makusudi, umri nimebadilisha, mahali nimebadilisha, usikae kujiuliza ni nani.

Fildi yangu ya kwanza ilikuwa bweni la wasichana upande wa Tanga. Siku ya nne matroni akaniita, "njoo na makaratasi yako, kuna mtoto ana mashetani huku". Kidato cha pili, mpole, anajiumiza usiku wenzake wakishalala na siku nyingine anaanguka parade. Nikakaa naye chini ya mwembe na fomu yangu ambayo mtu alishaitafsiri kutoka Kiingereza, nikaanza, katika wiki mbili zilizopita umejisikia huzuni? Hapana. Umekosa matumaini? Hapana. Umepoteza hamu ya vitu ulivyokuwa unavifurahia? Hapo akaniangalia kama nimemuuliza hesabu. Nikajaza hapana zote, chini nikaandika "hana dalili", nikaenda zangu kula ugali.

Jioni msimamizi wangu, mama mmoja mtu mzima kweli kweli, akaisoma ile fomu akaniuliza kitu kimoja tu. "Sasa yeye mwenyewe amesemaje?" Nikakosa la kujibu. Nilikuwa na majibu ya maswali yangu, neno la mtoto mwenyewe sikuwa nalo hata moja. Kesho yake tukarudi wote wawili, mama akamuuliza tu, "mwanangu unaumwa wapi?" Mtoto akafunguka, kifua kimejaa, kichwa kinawaka moto, usiku moyo unakwenda mbio, akijiumiza unapoa kidogo halafu asubuhi inakuja aibu na ule moto unarudi umezidi. Neno huzuni hakulitaja hata mara moja. Nilikuwa nimemkosa kwa sababu ya msamiati tu.

Basi somo langu lote linatoka hapo. Alikotoka mtoto, dini yao, kabila, mtaa, hakukuambii kwa nini anaumia. Kunakuambia maumivu nyumbani kwao yanasemwa kwa maneno gani, yanasemwa kwa nani, na nani akisikia itakuwa aibu. Ukichanganya hayo mawili unapotea, na wengi tunachanganya, unakuta mtu kaandika kwenye ripoti "ni mila zao" amefunga faili. Mila hazijafungua jeraha la mtu hapo, kuna kilichomuuma, wewe ndo umeacha kukitafuta.

Kwa hiyo beba kadaftari. Mimi nina kadaftari ka maneno tu. Watu wa pwani atakwambia roho inanisonga, moyo umeniingia giza. Wengi wanasema "nina mawazo", na hapo mgeni anadhani mtu ana aidia, kumbe "mawazo" kwetu ni ugonjwa kamili, mtu anakonda kwa mawazo, anakufa kwa mawazo. Wazimbabwe nao wana neno lao la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, na Dk. Dixon Chibanda alipoanza kuwafundisha mabibi wa Mbare pale Harare mwaka 2006 kukaa na watu kwenye benchi na kuwasikiliza, alilitumia hilo hilo neno badala ya kuwalazimisha watu waseme depresheni. Ule mpango wa benchi umefika mpaka Zanzibar. Sisi tuna neno rasmi sonona, zuri tu, liandike kwenye ripoti, ila ukimuuliza mtoto wa kidato cha kwanza "una sonona?" atadhani ni ugonjwa wa kuku.

Halafu utasikia sana "haya mambo ya wazungu". Mwalimu mkuu atasema, mzazi atasema, hata nesi. Wanalaumu simu, wanalaumu tamthilia, wanalaumu shule za Kiingereza. Sikatai, mtoto anaweza kuona jambo kwenye simu akaliiga. Lakini huo moto anaouzima haukutoka kwenye simu. Kuna mtafiti Mghana anaitwa Quarshie, yeye na wenzake mwaka 2020 walikusanya tafiti za vijana wa Afrika kusini mwa Sahara, kiwango cha katikati ya hizo tafiti cha vijana waliojidhuru ndani ya mwaka mmoja kilikuwa karibu asilimia 17. Na uchambuzi mwingine maarufu wa mwaka 2014 uliochukua tafiti za nchi mbalimbali, nyingi za huko kwa wazungu, uliwapata vijana waliowahi kujiumiza bila nia ya kufa kuwa asilimia 17.2. Usizilinganishe hizo namba kama bei za nyanya maana hawakupima kitu kile kile kwa njia ile ile, nazitaja uwe na cha kusema stafu rumu mtu akikuambia kwetu Afrika halipo.

Na ukitaka mfano wa nyumbani kabisa kwamba mateso ya mtoto yanaweza kutafuta njia ya mwilini akikosa ya mdomoni, nenda Kashasha, Muleba, Januari 30 mwaka 1962. Wasichana watatu wa shule ya bweni walianza kucheka na hawakuweza kuacha, kucheka na kulia na kuhangaika, mpaka shule inafungwa Machi 18 walikuwa wamefika 95 kati ya wanafunzi 159. Watu wanaisimulia kama kichekesho. Mimi nikiisoma naona mabinti wa bweni lenye sheria kali, nchi imepata uhuru wiki saba tu nyuma, hakuna wa kumwambia nimeshindwa. Hakukuwa na TikTok. Siku hizi unakuta shule zinapata "kuanguka anguka", wanaitwa mashehe na wachungaji wakemee, na ndani ya hao wanaoanguka ukikaa nao mmoja mmoja unakuta wapo wanaojiumiza kimya kimya, kwa sababu kuanguka kunaruhusiwa kidogo (ni shetani, si yeye) ila kujiumiza hakuruhusiwi kabisa, huko ni yeye mwenyewe.

Nije kwenye alama za mwilini maana hapa ndo niliaibika vibaya. Kuna mtoto nilimwona ana alama ndogo ndogo zimepangana, nikajiona mtaalamu, nikamwita mama yake kutoka kijijini, kapanda magari mawili. Mama kafika anahema, namweleza kwa sauti ya chini kama daktari, akaniangalia, akacheka mpaka akashika ukuta. Zilikuwa chale. Alichanjwa mdogo akiwa na degedege, bibi yake alimpeleka kwa mganga. Mtoto naye alikuwa ananiangalia kwa huruma. Nauli ya mama nililipa mimi.

Chale mjue tofauti yake, zimefanywa na mtu mwingine, kwa sababu inayojulikana na familia, mara nyingi utotoni, na mtoto ukimuuliza anakujibu bila kujificha. Hivyo hivyo na ndonya ya mdomoni na nembo za usoni za wazee wa Kimakonde au masikio ya Kimaasai, ni mwili kuandikwa na jamii, una watu wake na siku yake. Anayejiumiza yuko peke yake. Hakuna ngoma pale. Lakini sasa nimeona na upande wa pili, mwalimu kaona alama mpya kabisa kasema "aah hawa wa kwao wanachanjana" kapita, na yule mtoto alikaa miezi bila mtu kumuuliza kitu. Kati ya hayo makosa mawili bora lile langu la kulipa nauli. Ukiwa na shaka usiite mama kwanza, muulize mtoto mwenyewe, mkiwa wawili, "hii ilitokeaje?", kwa sauti ile ile ambayo ungeuliza kuhusu nguo iliyochanika.

Sasa nani wa kumwita. Fomu zetu zina nafasi ya "baba/mlezi" na sisi tunapiga simu kwa baba. Nilifanya kazi Morogoro miaka miwili, mtoto wa Kiluguru, nikamwita baba, baba akaja akakaa kimya akaondoka, hakuna kilichobadilika. Mwenzangu wa ofisi akanambia dada hawa ukoo unafuata mama, mtafute mjomba. Mjomba alipokuja tukazungumza saa nzima na ndani ya siku mbili mtoto alihamishwa nyumba aliyokuwa anakaa wakati wa likizo, kitu ambacho baba alisema hakiwezekani. Wamakonde nao hivyo hivyo. Kwa Wachaga au Wahaya unaweza kukuta shangazi ndo mwenye mdomo. Pwani msichana aliyepevuka ana somo wake, mama wa hiari wa mambo ambayo hayasemwi mbele ya mama mzazi. Na karibu kila mahali kuna utani wa bibi na mjukuu, mtoto hawezi kumwambia mama "nataka nisiwepo" ila kwa bibi anaweza kulisema kama mzaha na bibi mwenye akili anasikia.

Ila hapa naomba mnisikilize vizuri sana. Yule mtu ambaye mila inampa haki ya kusikiliza anaweza kuwa ndo anayemuumiza. Utafiti wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18, na mkono unaofanya hivyo mara nyingi mtoto anaujua. Kwa hiyo usimwite mjomba kwa sababu umesoma kwangu kwamba Waluguru wana mjomba. Swali langu siku zote ni "ukiwa na shida nyumbani unamwambia nani?", halafu nasubiri, halafu "na nani hutaki ajue kabisa?" Hilo la pili ndo lenye dhahabu. Nikitaja mtu na mtoto anaangalia chini, simpigii huyo mtu, nampigia afisa ustawi wa jamii, na ikibidi dawati la jinsia na watoto polisi. Hapo heshima kwa mila imeishia mlangoni.

Wavulana tunawakosa wote jamani. Wavulana hawaji kwako. Kijana anayetoka kwenye jamii ambayo jandoni hatakiwi hata kukunja uso, nilikuwa nao wa Tarime, atakuambia "mi niko poa madam" akiwa hayuko poa hata kidogo. Kuvumilia maumivu kwake ni heshima aliyoilipia, sasa wewe unamwambia "onyesha hisia zako". Wavulana wanaojiumiza wanaandikwa kwenye daftari la nidhamu, ugomvi, uharibifu, kulewa, kupanda juu ya mapaa, na mwisho wake viboko. Sheria yetu inaruhusu viboko visivyozidi vinne na viandikwe, wenzetu Kenya walivipiga marufuku mashuleni mwaka 2001. Mimi maoni yangu mnayajua, mtoto anayejiadhibu usiku ukimwadhibu na mchana unamthibitishia kwamba yuko sahihi. Nikimpata mvulana simkalishi kwenye kiti tukatazamana, natembea naye, tunakwenda kufuata maji au kuangalia mbuzi wa shule, mkitembea bega kwa bega maneno yanatoka yenyewe. Wala simwambii kulia si udhaifu, hiyo lugha ya mabango. Namuuliza kuvumilia kote huku kunamgharimu nini.

Dini. Ukiwa huku kwetu huwezi kuizunguka dini na usijaribu. Mtoto wa Kiislamu mmoja alikuwa anaamini ameshatoka kwenye uislamu kwa sababu ustadhi mmoja alimsomea "wala msijiue" mbele ya wenzake, kama hukumu. Mimi si mwanachuoni, nikamtafuta mwalimu mwingine wa madrasa, mzee mtulivu, nikamweleza bila kutaja jina. Akasema mpelekee salamu, mwambie aya ile ya Suratun Nisaa ya 29 haikuishia hapo, inamaliza kwa kusema Mwenyezi Mungu kwenu ni mwenye rehema, aliyemsomea kakata maneno. Nilimwambia yule binti, akanyamaza muda mrefu, akaniuliza "amesema kwenu?", nikamwambia ndio, kwenu. Nilichofanya mimi miezi miwili hakijafikia yale maneno. Wakatoliki nao, Katekisimu yao namba 2282 inasema wazi kwamba maradhi mazito ya akili au hofu kubwa vinaweza kupunguza dhamana ya mtu juu ya tendo hilo, mapadri wengi wanalijua na wakiombwa wanalisema kwa upole. Kwa hiyo tafuta sheikh wako na padri wako kabla hujapata kesi, unywe naye chai, ujue anaongeaje. Siku ya dharura si siku ya kufanya usaili.

Waganga na maombi vile vile. Swali langu kwa wazazi huwa "mpaka kufika hapa mmeshapita wapi?", naliuliza kama naulizia njia tu, maana ukiuliza "mlimpeleka kwa mganga?" wote watasema hapana. Wakishasema walipopita siwakejeli. Nachokataa ni vitu viwili tu, mtoto kufungwa au kupigwa ili pepo litoke, na mtoto kusimamishwa kliniki au dawa. Mengine waendelee nayo, kama dua inamtuliza mama basi mama aliyetulia ni faida kwa mtoto.

Mjue pia familia inaogopa nini. Inaogopa jina. Bara ni "atapelekwa Mirembe", Unguja "Kidongo Chekundu", Nairobi "Mathari", majina ya hospitali yamekuwa matusi ya mtaani, na mzazi anawaza binti ataolewa na nani. Na inaogopa polisi. Tanzania Kanuni ya Adhabu kifungu cha 217 kinafanya kujaribu kujiua kuwa kosa, Kenya kifungu chao cha 226 Mahakama Kuu ilikitangaza Januari 2025 kuwa kinyume cha katiba. Ndo maana unakuta mtoto kaletwa zahanati na wote wanasema "ameanguka". Usiwabane waseme mbele ya watu kumi. Wewe mweleze mzazi pembeni kwamba kujiumiza na kutaka kufa ni vitu viwili, mara nyingi mtoto anayejiumiza anatafuta namna ya kuendelea kuishi na jambo lililomzidi, lakini pia anayejiumiza yuko kwenye hatari zaidi ya kufika huko kwingine, kwa hiyo havipuuzwi vyote viwili.

Na hapo ndo lazima umuulize mtoto moja kwa moja. Najua mila zetu, kifo hakitajwi, tunasema "kutangulia", "kutokuwepo". Muulize kwa Kiswahili cha wazi, "umewahi kuwaza kujiua?" Hautamtia wazo, hiyo imechunguzwa na haijaonekana kwamba kuuliza kunamsukuma mtu, wengi wanashusha pumzi kwamba hatimaye kuna mtu katamka. Akisema ndio, na ameshafikiria lini na vipi, humwachi peke yake hata dakika, mtu mzima anakaa naye, vitu vya hatari vinaondolewa, na anafika hospitali siku hiyo hiyo, si Jumatatu. Nauli ipangwe na wewe, usimwachie mzazi asiye nayo. Yule Dk. Chibanda wa Zimbabwe anasimulia kwamba ile habari ya mabenchi ilianzia kwa mgonjwa aliyempoteza kwa sababu familia ilikosa nauli ya basi kuja hospitali.

Lile jibu la haraka ni hili basi. Jeraha kwanza, nesi aone, bila mahubiri. Uso wako uwe wa kawaida, usishtuke, usilie, usimwambie "kwa nini unawafanyia hivi wazazi wako". Usimwahidi siri ambayo huwezi kuitunza, mwambie mapema "kama uko hatarini nitamwambia mtu mmoja, tutamchagua pamoja". Usimfanye asaini karatasi ya kuahidi kuacha, akirudia atakuficha na wewe. Usikague miili ya wanafunzi mstarini, nimeona shule imefanya hivyo na sitaki hata kuielezea. Stafu rumu usimwambie mtu asiyehusika, stafu rumu zetu zina masikio ya popo. Na namba 116 ya msaada kwa mtoto, ni bure, ipo Tanzania na ipo Kenya, iandike ubaoni upande ambao mtoto anaweza kuisoma bila kuonekana anaisoma. Kama wewe unayesoma hapa ndo unajiumiza na wala si mnasihi, piga hiyo, au mwambie leo mtu mzima mmoja unayemwamini hata kwa meseji ya maneno mawili, haihitaji uwe na maelezo mazuri.

Kuna kundi jingine siku hizi linaongezeka, watoto waliokulia Maskati au Uingereza wakarudishwa "wanyooshwe". Kiswahili chao cha jikoni, hawajui utani wa bibi, bibi anadhani wana kiburi. Huko walikotoka nako hawakuwa wanaonekana vizuri, kuna utafiti wa mwaka 2010 wa hospitali za miji mitatu, Manchester, Oxford na Derby, uliokuta katika miji yote mitatu wanawake weusi vijana wa miaka 16 hadi 34 ndo walikuwa na kiwango cha juu zaidi cha kujidhuru, na watu weusi wakifika hospitali walikuwa na uwezekano mdogo wa kuonwa na mtaalamu wa akili. Nikisoma hiyo namkumbuka mwalimu wetu wa "kwao wanachanjana". Kule wamemwangalia mtoto wakaona mtu mweusi, huku tunamwangalia tunaona mzungu mweusi, na pote pawili kikao kimeishia kwenye kumwangalia. Hawa wape muda na uwaulize wakiumia wanaota kwa lugha gani. Mmoja alinijibu kwa Kiingereza, sikuelewa nusu yake, nikamwomba aandike tukaisoma polepole pamoja.

Habari ya nyie wenyewe mnavyochoka na kazi hii nitaandika siku nyingine. Kwa sasa uwe na mtu wa kumweleza kila wiki, asiwe mume wala mke wako.

Ile fomu nilishaibadilisha. Juu kabisa kabla ya swali la kwanza nimeacha mistari minne mitupu, imeandikwa "maneno yake mwenyewe", halafu chini yake "anayetaka ajue" na "asiyetaka ajue". Ofisi ya wilaya walinirudishia mara mbili kwamba haiingii kwenye mfumo, mfumo unataka ndio na hapana. Naendelea kuijaza kwa mkono na kuibana kwa stepla nyuma ya ile yao. Mkitaka nakala njooni nayo flashi, printa ya kwetu imekufa.